Kasha la kompyuta ni njia ya hewa: historia fupi kutoka chumba cha kiyoyozi hadi steshenari za Korogwe

Ukipita kwenye steshenari za mjini Korogwe au Handeni, zile zinazochapa barua, kutoa fotokopi na kupiga picha za paspoti, kuna kitu utakiona mara nyingi. Kompyuta ya mezani imewekwa chini ya meza, bati la ubavuni limefunguliwa na kuegeshwa ukutani, halafu feni ya nyumbani imeelekezwa moja kwa moja tumboni mwake. Ukiuliza, jibu ni lile lile: inapata moto, tumeifungua ipumue.

Je, ni sahihi kufanya hivyo? Jibu fupi ni "inategemea", na najua hakuna msomaji anayelipenda jibu hilo. Jibu refu lina historia ndani yake, na ukiishika historia hiyo, siku utakayoenda kununua kompyuta ya mezani, iwe mpya au ya mtumba, utaangalia mambo tofauti kabisa na yale anayokuonyesha muuzaji.

Tuanze na jina. Huku kwetu sanduku lote la kompyuta tunaliita "CPU". Shuleni tulifundishwa monita, kibodi, mausi na CPU. Ukweli ni kwamba CPU, yaani prosesa, ni kipande kidogo kinachoenea kwenye kiganja cha mtoto. Sanduku lenyewe ni kasha tu. Lakini kosa hili la jina limetuficha kitu: tukiliita sanduku kwa jina la kilichomo ndani, hatulioni tena sanduku. Tunauliza kasi ya prosesa, tunauliza RAM, tunauliza ukubwa wa diski. Hakuna anayeuliza hewa inaingilia wapi na kutokea wapi.

Enzi ambayo kasha lilikuwa chumba

Kabla ya historia, kanuni moja ya fizikia. Umeme wote unaoingia kwenye kompyuta unageuka kuwa joto. Kompyuta haiinui mzigo wala haisukumi gari. Inahesabu, na kuhesabu hakuachi kitu kingine isipokuwa majibu na joto. Kwa hiyo kompyuta inayokula wati 300 ni hita ya wati 300. Hakuna ujanja wa kuikwepa hesabu hiyo.

Wahandisi wa mwanzo waliijua vizuri. ENIAC, mashine iliyozinduliwa mwaka 1946 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania kule Philadelphia, ilikuwa na valvu zaidi ya 17,000 na ilikula umeme wa takriban kilowati 150. Hebu fikiria pasi 150 za umeme zimewashwa kwa pamoja ndani ya ukumbi mmoja. Mashine kama hiyo isingedumu bila mitambo mikubwa ya kupuliza hewa, na mitambo hiyo ilipangwa tangu mwanzo kama sehemu ya mashine.

Transista zilipochukua nafasi ya valvu, joto lilipungua lakini utaratibu ulibaki: kompyuta ilipewa chumba chake, na chumba kilipewa kiyoyozi. Ndivyo kompyuta ilivyoingia Tanzania. Ya kwanza ilifika mwaka 1965, ikafungwa Wizara ya Fedha. Ilikuwa ICT 1500, iliyouzwa na kampuni ya Uingereza ya International Computers and Tabulators, ingawa muundo wake ulikuwa wa Kimarekani, RCA 301. Mashine za kizazi kile zilikuwa makabati yaliyopangwa kwenye ukumbi, zenye visoma kadi, mitambo ya kuchapa na tepu za sumaku. Zilihitaji hewa yenye joto na unyevu uliodhibitiwa. Kadi za karatasi zikivuta unyevu hunasa, tepu zikipata vumbi huharibika.

Sasa fikiria maana yake kwa jiji la pwani kama Dar es Salaam. Mashine ilikuwa ikiishi kwenye hali ya hewa tofauti na ya watu waliokuwa wakitembea nje ya jengo. Kiyoyozi kile hakikuwekwa kwa ajili ya raha ya karani, kilikuwa kwa ajili ya mashine, na karani alinufaika tu. Kwa lugha ya leo tunaweza kusema kasha la kompyuta ile lilikuwa ni chumba chenyewe: kina kuta, kina mlango wa kuingizia hewa baridi, kina njia ya kutolea hewa moto. Anayejenga chumba hawezi kusahau kupoza.

1974: mlango unafungwa, dunia inaingia kwenye sanduku

Mwaka 1974, nchi ikiwa na kompyuta chache tu, serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vinavyohusiana nazo. Sababu inayotajwa zaidi ni matatizo ya mfumo wa uhasibu wa serikali uliokuwa umehamishiwa kwenye kompyuta na kula fedha nyingi bila matokeo yaliyotarajiwa. Kompyuta hazikutoweka kabisa, maana palikuwa na njia ya kuomba ruhusa maalumu, na baadaye masharti yalilegezwa. Lakini miaka ile ndiyo hasa dunia ilipokuwa ikiitoa kompyuta chumbani na kuitia ndani ya sanduku la mezani. Yaani kwa sehemu kubwa hatukuwepo mezani wakati maswali ya kwanza kuhusu sanduku yakijibiwa. Na waliokuwepo walikuwa wakijibu kwa ajili ya ofisi zao na hewa yao.

Maswali yenyewe hayakuwa mepesi. Apple II ya mwaka 1977 haikuwa na feni. Ilitegemea matundu na hewa kupanda yenyewe. Kwa mashine ndogo ilitosha. Ndugu yake Apple III ya mwaka 1980 nayo ilitengenezwa bila feni, kwa sababu Steve Jobs alitaka mashine iliyo kimya. Ilijaa vipande vingi ndani ya sanduku dogo, na ikawa maarufu kwa matatizo. Chipu zilikuwa zikilegea kwenye soketi zake, na ushauri mmoja uliotolewa kwa wateja ukabaki kuwa kichekesho cha historia: inua kompyuta inchi chache juu ya meza kisha iachie ianguke, chipu zitakaa tena mahali pake. Kichekesho, ndiyo, lakini kuna somo. Uzuri wa sanduku ulikuwa umeshindana na njia ya hewa, na uzuri ulishinda.

IBM ilifuata njia nyingine. Kompyuta yake binafsi ya Agosti 1981, modeli 5150, ilikuwa na pawasaplai ya wati 63.5 yenye feni ndani yake. Feni hiyo ilivuta hewa kutoka ndani ya sanduku na kuitupa nje kwa nyuma. Hewa mpya ikalazimika kuingilia mbele na kupita juu ya kadi na chipu kabla ya kutoka. Feni moja tu, lakini palikuwa na njia: hapa mwanzo, hapa mwisho. Makasha mengi yaliyofuata yaliiga mpangilio huo, na hata leo fundi akikuambia "usiache tundu la kadi bila kibati chake kule nyuma", anazungumza lugha ya enzi ile. Tundu lililo wazi karibu na feni inayotoa hewa linaifanya hewa iingie hapo na kutoka hapo hapo, huku vipande vya mbele vikibaki kwenye hewa iliyolala.

Prosesa zinapata homa

Prosesa ya kwanza ya Intel, 4004 ya mwaka 1971, ilikuwa na transista 2,300 na ilitoa joto la takriban wati moja. Isingeweza hata kuivisha yai. Kwa muda mrefu prosesa hazikuhitaji chochote juu yake. Mambo yalibadilika kwenye familia ya 486, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambapo vipande vya chuma vyenye mapezi, tunavyoviita hitisinki, vilianza kuwa jambo la kawaida, na muda si mrefu feni ndogo ikakaa juu yake. Pentium ya kwanza ya 1993 ilitoa kama wati 15. Miaka kumi na moja baadaye, mwaka 2004, Pentium 4 zilizoitwa Prescott zilifika hadi wati 115.

Hapo ndipo sanduku lilipoanza kupigiwa kelele. Mwaka 1995 Intel ilikuwa imetoa mpangilio wa ATX, ambao ndio msingi wa makasha mengi ya mezani hadi leo. Wazo la awali la ATX lilikuwa la kuvutia: feni ya pawasaplai ivute hewa kutoka nje na kuipuliza juu ya prosesa. Kumbe hewa hiyo ilikuwa imeshapashwa moto na pawasaplai yenyewe! Wazo likageuzwa, feni ikarudi kutoa hewa nje, na prosesa ikapewa feni yake.

Mwaka 2004 Intel ikaja na BTX. Huu ulikuwa mpangilio uliobuniwa kwa kufuata hewa: prosesa ililetwa mbele ya kasha, ikafunikwa kwa bomba la plastiki, na feni kubwa ya mbele ikavuta hewa ya nje moja kwa moja juu yake, kisha hewa hiyo hiyo ikaendelea kwenye vipande vingine hadi nyuma. Ilikuwa barabara iliyonyooka. Lakini mwaka huo huo Intel iliachana na prosesa iliyokuwa irithi Prescott, ikaanza kugeukia prosesa zenye joto dogo, na haraka ya kubadili makasha ya dunia nzima ikaisha. Mwaka 2006 ikatangaza kuachana na BTX.

Vitabu vingi vinaiandika BTX kama jaribio lililoshindwa. Huku Afrika Mashariki stori yake haikuishia hapo. Kampuni ya Dell ilikuwa imeitumia BTX kwenye kompyuta za ofisi za OptiPlex katikati ya miaka ya 2000, na ofisi za Ulaya na Marekani zilipobadilisha kompyuta zao, nyingi za aina hiyo zilianza safari ya mtumba. Ukifungua moja utakuta kifuniko kikubwa cha plastiki kinachotoka feni ya mbele hadi kwenye prosesa. Mara ngapi kifuniko hicho kimetupwa na fundi aliyedhani ni pambo, au kimevunjika na hakikurudishwa? Bila kile kifuniko, feni inapuliza ovyo ndani ya sanduku na prosesa inabaki na hewa moto. Ile plastiki ndiyo iliyokuwa njia.

Kiwanda cha chai kilijua mapema

Sasa tupande mlimani. Dindira iko wilaya ya Korogwe, juu kwenye milima ya Usambara Magharibi, nchi ya ukungu na mashamba ya chai. Umeme na milima hii ni majirani wa siku nyingi: kituo cha umeme wa maji cha Hale, chenye uwezo wa megawati 21, kimekuwepo kwenye mto Pangani ndani ya wilaya hiyo hiyo tangu mwaka 1964. Lakini umeme kuzalishwa jirani na umeme kufika kijijini ni vitu viwili. Sheria iliyounda Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ni ya mwaka 2005, na wakala ulianza kazi 2007. Kwa vijiji vingi vya Tanzania, kompyuta ya mezani imewezekana katika kipindi hiki tu, yaani kipindi cha sanduku lililotengenezwa kwingine, mara nyingi likiwa limeshatumika.

Hata hivyo maarifa ya kupitisha hewa hayakuanza na kompyuta. Jani bichi la chai lina maji takriban robo tatu ya uzito wake. Kabla halijasagwa, kiwanda hulinyausha: majani hutandazwa juu ya wavu kwenye sanduku refu, na feni kubwa hupuliza hewa kwa chini ili ipande kupita katikati ya majani kwa saa nyingi. Anayetandaza majani anajua kanuni moja isiyosamehe: tandaza sawasawa. Ukiacha sehemu isiyo na majani, hewa yote itakimbilia hapo, na majani ya pembeni yatabaki mabichi hata kama feni inanguruma kutwa.

Hewa ni mvivu. Hupita penye upinzani mdogo. Kanuni ya sanduku la kunyaushia chai ni ile ile ya kasha la kompyuta: nguvu ya feni si hoja kama njia haijapangwa.

Mlima pia unatupa somo la pili. Tuseme kompyuta inatoa joto la wati 300, na tunataka hewa inayotoka nyuma iwe na moto wa nyuzi 10 tu zaidi ya ile iliyoingia. Hesabu inasema tunahitaji takriban lita 25 za hewa kila sekunde. Hiyo ni zaidi ya ndoo moja ya lita 20, kila sekunde, mchana kutwa. Ukitaka kukumbuka kirahisi: kila wati 100 zinataka karibu lita 8 kwa sekunde.

Chukua kompyuta hiyo mjini Korogwe mchana wa kiangazi, hewa ikiwa nyuzi 33. Hewa inayotoka nyuma ya kasha itafika nyuzi 43. Sasa ipandishe mita 800 mlimani. Hewa hupoa kwa kadiri ya nyuzi 6.5 kila mita 1,000, kwa hiyo kule juu tuna nyuzi kama 28. Lakini hewa ya mlimani pia ni nyepesi, kwa takriban asilimia 8, na feni ile ile inabeba hewa pungufu kwa uzito. Kwa hiyo ongezeko si nyuzi 10 tena bali karibu 11. Jumla: nyuzi 39. Mlima umeshinda kwa nyuzi 4.

Nyuzi 4 ni kitu? Ni kitu. Kapasita, vile vikopo vidogo vilivyosimama kwenye bodi mama na ndani ya pawasaplai, vina maji ya kemikali yanayokauka taratibu. Mafundi na watengenezaji hutumia kanuni ya makadirio kwamba kila ukipunguza nyuzi 10, maisha ya kapasita yanakuwa karibu mara mbili. Kwa mtu mwenye maabara yenye bajeti ya kununua upya, hilo ni jambo dogo. Kwa mwenye steshenari ambaye kompyuta moja inalipa pango la fremu na ada ya mtoto, au kwa shule ya kata yenye kompyuta chache za kufundishia darasa zima, ni tofauti ya kompyuta kufa kidato hiki kikiwa hapo au kudumu hadi kinachofuata.

Kioo kinarudisha kosa la 1980

Miaka ya 2000 iliyobaki ilikuwa ya feni kukua. Feni za milimita 80 zilipisha za 120, na sababu ni hesabu ya mraba: feni ya 120 ina eneo mara 2.25 ya feni ya 80. Inaweza kuzunguka taratibu, kwa kelele ndogo, na bado ikasukuma hewa ile ile. Makasha kama Antec Nine Hundred ya mwaka 2006 yalikuja na uso wa wavu na feni kubwa ya milimita 200 juu.

Halafu, kadiri miaka ya 2010 ilivyosonga, ikaja fasheni ya kioo. Makasha yakapendeza: taa za rangi, ubavu wa kioo, na mara nyingi uso wa mbele nao ukazibwa kwa kioo au bati laini. Watu wanaopima vifaa wakaanza kuonyesha kwamba mengi ya makasha hayo yanakaba, na wavu ukarudi. Meshify C ya Fractal Design, mwaka 2017, ilibeba wavu hadi kwenye jina lake. Ona mzunguko: uzuri ulikuwa umeshindana na njia ya hewa tena, kama kwenye Apple III.

Makasha ya kioo bado yapo madukani kwa wingi, na muuzaji atakuonyesha taa kwanza. Wewe toa rula. Feni moja ya milimita 120 ina eneo la sentimita za mraba kama 100. Feni mbili za mbele ni 200. Ikiwa uso wa kasha umezibwa na hewa inaingia kwenye nyufa mbili za pembeni, kila moja upana wa sentimita 1 na urefu wa sentimita 40, jumla ni 80. Feni zako zinakunywa uji kwa mrija. Uso wa wavu wa sentimita 20 kwa 40, hata nusu yake ikiwa ni waya, unakupa 400.

Basi, tuchague vipi?

Kutokana na historia hii, haya ndiyo ya kuangalia, kwa mpangilio wa umuhimu:

1. Tafuta mwanzo na mwisho wa njia. Weka kidole pale hewa inapoingilia, na kingine pale inapotokea. Kawaida ni mbele kwenda nyuma na juu. Kama huwezi kuonyesha pa kuingilia, achana na kasha hilo hata kama lina feni sita.

2. Pima matundu kabla ya kuhesabu feni. Eneo la kuingilia lisiwe dogo kuliko eneo la feni zake. Wavu unazidi kioo, na unazidi bati lenye nyufa.

3. Feni mbili za kuingiza na moja ya kutoa zinatosha kwa watu wengi. Kuingiza kukizidi kutoa kidogo, shinikizo la ndani linakuwa kubwa kuliko la nje, na hewa inatoka kwenye nyufa badala ya kuingilia humo. Maana yake vumbi linapita kwenye chujio tu. Kwa vumbi jekundu la Handeni, hili si anasa.

4. Chujio litoke bila bisibisi. Chujio usiloweza kulitoa kwa mkono hutalisafisha, na chujio lililoziba ni sawa na uso wa kioo.

5. Usidanganyike na "joto hupanda lenyewe". Hupanda, ndiyo, lakini kwenye kasha la urefu wa nusu mita, nguvu ya hewa moto kupanda ni kama theluthi moja hadi moja ya tano ya paskali. Feni ya kawaida ina uwezo wa paskali 10 au zaidi. Feni ndiyo inayoamua, na inaweza kuipeleka hewa moto popote.

6. Kwenye mtumba wa ofisini, fungua uangalie kama mabomba ya plastiki, vibati vya nyuma na feni zote bado zipo. Kasha dogo lenye bomba lake kamili linaweza kupoza vizuri kuliko sanduku kubwa jipya lisilo na njia.

7. Liweke kasha penye hewa. Kabati la mbao lililofungwa linarudisha hewa moto ile ile mbele. Nyuma acha nafasi ya kiganja kizima. Liinue kutoka sakafuni, maana vumbi hukaa chini.

Kwa walioko juu, Dindira na majirani zake, ukungu usiwatishe sana. Kompyuta iliyowashwa ina moto kuliko hewa ya chumba, kwa hiyo umande hauwezi kujengeka ndani yake. Shida ni ile iliyozimwa wiki nzima kwenye chumba chenye unyevu: iwashe mara kwa mara, na uzibe kwa wavu mwembamba matundu makubwa ambayo mjusi au mende anaweza kupita.

Tufunge lile bati

Turudi kwa swali la steshenari. Kasha likiwa na njia nzuri, kulifungua ubavuni ni kuacha pengo kwenye sanduku la kunyaushia chai. Hewa inaacha kupita mbele, penye diski, inazunguka ovyo, na vumbi la barabarani linaingia bila chujio. Kasha likiwa baya, kulifungua kunasaidia kweli prosesa ipumue, na hilo lenyewe ni ushahidi dhidi ya kasha.

Kwa hiyo geuza mazoea yawe kipimo. Fanya kazi nzito ileile kwa nusu saa kasha likiwa limefungwa, soma joto la prosesa kwa programu ya kupima joto, kisha fungua ubavu urudie. Ikiwa tofauti ni nyuzi 1 au 2, funga bati lako na ulale salama. Ikiwa joto linashuka kwa nyuzi 8 au 10, kasha linakaba: safisha chujio, ongeza feni ya mbele, toa kioo cha mbele kama kinatoka, au badilisha kasha. Kasha mara nyingi ni kitu cha bei ndogo kuliko vingi vilivyomo ndani yake, na likichaguliwa vizuri litatumika kwenye kompyuta ya pili na ya tatu.

Mwaka 1965 tuliijengea mashine moja chumba chake, na kila aliyehusika alijua kwamba kupoza ni sehemu ya kuhesabu. Kisha mashine ikaingia sandukuni, sanduku likaitwa CPU, na tukaanza kuyanunua masanduku yaliyochorwa kwa ajili ya ofisi zenye nyuzi 22. Hewa ya kupoza sasa ni hii yetu: ya moto kule Korogwe, ya vumbi Handeni, nyepesi na yenye ukungu Dindira. Anayenunua kasha ananunua njia ya hewa hiyo. Aulize basi kuhusu hewa hiyo kabla hajauliza kuhusu taa.

Umepima kompyuta yako ya mezani? Tuandikie hapo chini uko wilaya gani, nyuzi ngapi kabati likiwa wazi na ngapi likiwa limefungwa. Tukipata vipimo vya kutosha kutoka mabondeni na milimani, tutavichora kwenye grafu moja tuone mlima unatusaidia kiasi gani.